Kufungua Mashine: Insha juu ya Historia ya Kujitengenezea Vyombo katika Nchi ya Mara

Historia hupenda kuandika habari za wafalme, vita na mikataba; ni mara chache huinama kutazama beseni la nguo. Walakini kazi zilizokula siku nyingi za maisha ya binadamu, na hasa za wanawake, si vita wala mikataba, bali ni kuteka maji, kutwanga nafaka, kutafuta kuni na kufua. Kwa sababu hiyo, chombo kilichobuniwa ili kupunguza mojawapo ya kazi hizo chastahili nafasi katika historia. Na siku chombo hicho kinapoharibika, swali la nani atakayekitengeneza lastahili nafasi vilevile. Insha hii yahusu mashine ya kufulia nguo katika nchi ya Mara, yaani Musoma, Bunda na Butiama. Na katika habari hiyo yataka kuchunguza jambo moja tu: uwezo wa mwenye nyumba kukifungua chombo chake mwenyewe, akajua kilivyo ndani, akakitengeneza. Jambo hili laweza kuonekana geni na dogo. Tukilifuata nyuma, twaona kwamba si geni wala si dogo. Watu wa Mara wamekutana nalo mara nyingi kabla umeme haujawafikia.

Yafaa tuanze na kazi yenyewe. Mji wa Musoma umekaa juu ya rasi iliyozungukwa na maji ya ziwa Viktoria, na ukingo wake umejaa mawe makubwa yaliyolainika kwa mawimbi. Mawe hayo ndiyo yaliyokuwa meza ya kufulia ya kwanza. Huko ziwani maji hayana mwisho, na tena si maji ya chumvi, hivyo sabuni hutoa povu upesi. Lakini neema hiyo ina kodi yake. Katika kina kifupi cha ukingoni hukaa konokono wachukuao vijidudu vya kichocho, na mtu asimamaye majini hadi magotini akifua kwa saa mbili huwapa vijidudu hivyo mlango wa kuingilia mwilini. Na zipo pwani ambapo mamba naye huongezwa katika hesabu ya hatari. Bara, kwa upande wa Butiama, shida ilikuwa ya namna nyingine. Huko ziwa ni la kuonekana kwa mbali, na maji ya kufulia yalitoka mitoni, visimani au malamboni, kichwani mwa mama au binti. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, mbali na uzito wa ndoo yenyewe. Na nguo za jamaa ya watu saba haziishi kwa ndoo moja, maana maji ya kusuuza ni mengi kuliko ya kufulia.

Kazi hii ilikuwa na thamani ya fedha pale tu ilipofanywa kwa ajili ya watu wa nje. Neno dobi, ambalo twalitumia kila siku, limetoka Uhindi, na katika miji ya Afrika Mashariki wakati wa ukoloni dobi aghalabu alikuwa mwanamume alipwaye mshahara. Mke wake nyumbani alifanya kazi ile ile, kwa mikono ile ile, wala hakuitwa dobi wala hakulipwa. Jambo hili tuliweke akilini, kwa sababu litatusaidia mbele ya safari kupima hasara ya mashine iliyokufa.

Sasa tugeukie upande wa pili wa habari yetu, yaani utengenezaji. Kabla ya ukoloni, ufundi mkubwa katika nchi ya Mara ulikuwa uhunzi. Miongoni mwa Wazanaki, Wakuria na baadhi ya majirani zao, wahunzi waliitwa Waturi, nao walikuwa watu wa pekee. Jembe, mkuki, shoka na kisu vilitoka mikononi mwao. Hapana mkulima aliyeweza kulima, wala kijana aliyeweza kulinda mifugo, pasipo kazi yao. Hata hivyo watu wale wale waliowategemea waliwaogopa na kuwaweka kando, na ndoa kati ya Waturi na wasio Waturi ilikuwa mwiko. Elimu ya chuma ilizungukwa na miiko kama kiambo kinavyozungukwa na ua wa miiba. Twaweza kuona hekima fulani katika desturi hiyo, kwa kuwa ililinda ufundi usipotee. Lakini yatupasa kuona na upungufu wake: mtu alishika jembe maisha yake yote asijue lilivyofanywa, na lilipovunjika hakuwa na la kufanya ila kwenda kwa wale aliowatenga.

Ukoloni ulivunja ua huo kwa njia ambayo haikukusudiwa. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yaliingia kwa wingi na kwa bei rahisi, na kuyeyusha chuma kwa mawe ya madini kukafifia. Nyuma ya majembe hayo vikaja vyombo viwili vilivyobadili fikira za watu kuliko amri nyingi za serikali: baiskeli na cherehani. Vyombo hivi vilitoka ng'ambo, lakini havikuwa na siri. Mnyororo wa baiskeli waonekana. Nati zake zafunguka kwa spana moja. Na kipande kilichokwisha chauzwa peke yake dukani, bila kumlazimu mtu kununua baiskeli nyingine. Kadhalika cherehani: fundi cherehani alikitia mafuta chombo chake, alikaza mkanda wake, na alibadili sindano yake bila kumwita mtu. Hapakuwa na mwiko wa ukoo. Kijana wa ukoo wowote aliweza kukaa chini ya mti, akapindua baiskeli magurudumu juu, akajifunza kwa macho na kwa vidole. Hivyo ndivyo neno fundi lilivyopata maana pana katika nchi hii: si mtu aliyezaliwa katika ufundi, bali ni mtu yeyote aliyekubali kuufuata.

Hata ziwa lenyewe lilitoa somo hilo kwa kipimo kikubwa. Meli ya Victoria, ambayo kwa miaka mingi ilizunguka bandari za ziwa, Musoma ikiwa mojawapo, ilijengwa Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari hadi Mombasa na kwa reli hadi Kisumu, ndipo ikaunganishwa tena na kuanza kazi mwaka 1961. Miaka hamsini na zaidi ilipopita meli ile ilichakaa hata ikasimama. Ikafunguliwa upya Mwanza, ikatiwa mitambo mipya, na mwaka 2020 ikarudi majini. Chombo kilichoundwa kwa vipande chaweza kufufuliwa kwa vipande. Kama meli yafufuka akiwa na umri wa miaka sitini mtu angekuwa mzee, kwa nini mashine ya nguo yenye umri wa miaka mitano ihukumiwe kufa?

Swali hili halikuwa la mafundi peke yao. Mwaka 1934 mtoto mmoja wa mtemi Burito wa Wazanaki alitoka Butiama akaenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Mtoto huyo, Julius Nyerere, alipokuwa Rais aliliweka neno kujitegemea katikati ya siasa ya nchi. Azimio la Arusha la Februari 1967, na andiko lake la Elimu ya Kujitegemea lililotoka mwezi uliofuata, yalilaumu shule zilizowafundisha vijana kudharau kazi ya mikono. Kisha, mnamo Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji wa Musoma, ikatoa azimio linaloitwa kwa jina la mji huo. Azimio la Musoma liliagiza mambo mawili makubwa: kwamba elimu ya msingi ienezwe kwa watoto wote haraka kuliko ilivyopangwa kwanza, na kwamba kijana amalizaye kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza, kisha achaguliwe kwa kazi yake pamoja na masomo yake. Sharti hilo la pili lililegezwa baadaye, na wapo walioliona kuwa zito. Hasa kwa wasichana, ambao kwao miaka ya kungoja ilikuwa na gharama ya pekee. Lakini swali lililolizaa azimio hilo halikulegezwa na mtu: yawezekanaje mtu asome habari za umeme miaka sita, akafaulu mtihani, kisha asiweze kubadili fyuzi nyumbani kwake? Wanafunzi wasomao insha hii watajibu kila mmoja kwa nafsi yake.

Jibu la vitendo lilitolewa na dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na katika miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa ziliadimika nchi nzima. Sabuni yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni, na wengi wakumbuka kufua kwa majani ya mpapai. Vipuri vya kutoka ng'ambo havikupatikana kwa kuwa fedha za kigeni hazikuwapo. Katika miaka hiyo watu walifanya kile kiitwacho katika lugha ya gereji kuchonga: kipande cha chombo kimoja kilikatwa ili kifae chombo kingine, mpira wa gurudumu kuukuu ukawa kandambili au mkanda, na kopo likawa taa. Serikali nayo ilikuwa imeanzisha SIDO mwaka 1973 ili kusaidia viwanda vidogo, na mwaka 1994 ikaanzisha VETA kwa mafunzo ya ufundi. Dhiki si mwalimu wa kutamaniwa, maana hutoza ada kubwa. Lakini ilithibitisha kwamba mikono ya watu wa kawaida yaweza mengi inapokosa pa kukimbilia.

Ndipo ikaja mashine ya kufulia. Kwao haikuwa mpya. Mashine za umeme ziliuzwa Marekani tangu mwanzo wa karne ya 20, na mwaka 1937 kampuni ya Bendix ilionyesha mashine ya nyumbani iliyoweza kujaza maji, kufua, kusuuza na kukamua bila kuguswa. Mara ilingoja muda mrefu zaidi, kwa sababu mashine hiyo yataka vitu viwili kwa pamoja, umeme na maji. Sheria ya mwaka 2005 ilianzisha Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, na nguzo za umeme zikaanza kufuata njia za vijiji. Maji ya ziwa nayo yamepandishwa bara kwa mabomba, kutoka Mugango hadi Kiabakari na Butiama. Na tangu Februari 2024 bwawa la Rufiji, lililopewa jina la yule mtoto wa Butiama, limekuwa likitia umeme katika gridi ya taifa. Hivyo chombo kilichokuwa cha hoteli na cha nyumba za wakubwa kikaanza kuingia katika nyumba za walimu, wauguzi na wafanya biashara.

Aina iliyopokewa kwa urahisi ni ile yenye matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Sababu yake ni ya akili: hujazwa kwa ndoo, hivyo haisimami bomba linapokatika. Aina ya pili ni ile ijiendeshayo yenyewe, yenye mlango wa mbele au wa juu, ambayo haiwezi kuanza kazi pasipo bomba lenye nguvu ya maji. Magonjwa ya mashine hizi si mengi kama watu wadhanivyo. Ikikataa kumwaga maji, aghalabu kosa ni sarafu, kifungo au uzi uliokwama katika chujio la pampu, ambalo kwa mashine nyingi za mlango wa mbele limewekwa chini mbele, nyuma ya kifuniko kidogo. Ikikataa kujaza, yafaa kufungua mpira wa maji nyuma na kutazama wavu mdogo penye vali, kwa kuwa maji yaliyojaa mchanga huuziba. Mota ikinguruma bila kuzunguka, katika mashine ya matangi mawili, huenda kapasita imechoka; nayo hununuliwa kwa bei ndogo mno kuliko mashine, ili mradi namba zilizoandikwa juu yake zifanane na za ile ya zamani. Mota ikizunguka na tangi likatulia, mkanda umelegea au umekatika. Maji yakivuja mbele, mpira wa mlango umepasuka au umeshika uchafu. Na penye maji ya kisima yenye chokaa nyingi, waya wa kupashia moto hujivika ganda jeupe kama birika lijivikavyo.

Tumeyataja haya si kwa kuwa historia ni kitabu cha ufundi, bali ili ionekane jinsi umbali ulivyo mfupi kati ya mtu na chombo chake. Makosa mengi kati ya hayo yahitaji bisibisi, koleo, spana na saa moja ya subira. Lakini ukweli hautakuwa kamili tusipotaja hatari. Umeme wa nyumbani una volti 230, na mashine ya kufulia ni chombo kikaacho katika maji. Mchanganyiko huo huua. Waya wa mashine ni lazima uchomolewe kabla ya bisibisi kushikwa, wala haitoshi kuzima swichi. Kapasita nayo huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na asiyejua kuimaliza nguvu asiiguse. Nyumba isiyo na waya wa ardhini, ule mafundi wauitao ethi, haifai kuwekwa mashine kabisa kabla waya huo haujatiwa. Kujitegemea hakukuwa na maana ya kujitosa. Mwenye busara hujua mpaka wa ujuzi wake, na penye mpaka huo humwita fundi aliyefundishwa. Lakini humwita akiwa anajua la kumwuliza.

Hapa twakutana tena na ule ua wa miiba. Mashine nyingi za siku hizi zimefungwa kwa namna inayomkataza mwenyewe. Zipo ambazo tangi lake limegandishwa likawa kitu kimoja, hata beringi ya bei ndogo ikiisha hapana njia ya kuifikia ila kununua tangi zima; zipo zenye skrubu ambazo bisibisi ya kawaida haizishiki; na zipo ambazo bongo lake, yaani kile kibao cha umeme, huungua kwa sababu ya umeme unaopanda na kushuka, na bei yake yakaribia bei ya mashine mpya. Waturi waliulinda ufundi kwa mwiko, na viwanda huulinda kwa gundi. Tofauti ni kwamba Mturi alikaa kilima cha pili, na aliyevunja jembe aliweza kumwendea kwa miguu; mwenye kiwanda hukaa ng'ambo ya bahari. Ulaya yenyewe imelichoka jambo hilo. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Machi 2021 zawataka watengenezaji wa mashine za kufulia waweke vipuri kwa miaka isiyopungua 10 baada ya kuacha kuuza aina hiyo, na mwaka 2024 Umoja huo ukapitisha sheria nyingine ya kumpa mnunuzi haki ya kutengenezewa chombo chake. Sheria hizo hazimlindi mnunuzi wa Bunda. Yeye hulindwa na vitu vitatu tu: uchaguzi wake dukani, fundi wa mtaani kwake, na elimu yake mwenyewe.

Wako watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Watasema kwamba mtu akijitengenezea kila kitu atamnyima fundi riziki yake. Na kwamba daktari au mwalimu apotezaye siku nzima chini ya mashine amepata hasara kuliko angelipa. Hoja ya kwanza yajibiwa na baiskeli. Katika nchi ambamo kila mwenye baiskeli aliweza kuziba pancha yake, mafundi baiskeli hawakufa njaa. Waliongezeka, kwa sababu watu walithubutu kununua chombo walichokielewa. Hoja ya pili ni ya kweli kwa siku moja, lakini si ya kweli kwa maisha. Anayelipa bila kuelewa hulipa mara ya pili na ya tatu kwa kosa lile lile, naye hana njia ya kumtambua fundi hodari na kumtenga na laghai. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao hawakusema ufa uzibwe na nani, kwa kuwa walimdhania mwenye nyumba.

Lakini hoja iliyo kubwa kuliko zote haihusu fedha. Tulisema hapo juu kwamba kazi ya kufua nyumbani haikuwekwa katika hesabu, kwa sababu aliyeifanya hakulipwa. Basi na hasara ya mashine iliyokufa haiwekwi katika hesabu vilevile. Mashine inaposimama, hugeuka kabati. Juu yake huwekwa redio, na ndani yake huwekwa magunia. Nguo hazikusimama pamoja nayo. Zile nguo zarudi kwenye beseni, na beseni larudi kwa mtu yule yule: mama atokaye kazini jioni, binti aliyekuwa na kitabu mkononi, au msichana wa kazi aliyetoka kijijini. Kwa nyumba iliyo karibu na ziwa, zarudi kwenye mawe na kwenye maji ya kichocho. Chujio lililozibwa na sarafu moja laweza kumrudisha binti miaka hamsini nyuma, na baba wa nyumba asijue kwamba dawa yake ilikuwa kifuniko cha kufungua kwa vidole.

Basi haki ya kufungua mashine si jambo la wanaume wapendao spana peke yao. Yafaa binti awe wa kwanza kufundishwa, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kuumia. Na yafaa afundishwe akiwa shule, pale fizikia inapokuwa ubaoni, ili aone kwamba mota ya kitabuni ndiyo ile iliyo nyuma ya kufuli la bati nyumbani kwao. Vijana wa Mara wana urithi wa pande mbili katika jambo hili: uhodari wa wahunzi ambao jamii iliwategemea ikiwatenga, na azimio lililotolewa katika mji wao likitaka kitabu na mkono visiachane. Urithi wa kwanza watufundisha thamani ya ujuzi, na wa pili watuonya tusiufungie. Atakayeushika urithi huo wote atakuwa ameondoa mwiko mmoja zaidi, na nguo zitakauka kambani kabla ya jua kuzama, binti akiwa amekwisha rudi kwenye kitabu chake.